Habari za Bwana Manoilescu wa Rumania, na Mafunzo Yake kwa Wafanya Kazi

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya kamati ya elimu katika mkutano wa wanachama. Tunaichapisha hapa kwa ajili ya ndugu waliokuwa zamu siku hiyo.)



Wanachama wengi wametuuliza sisi wa kamati swali moja: kwa nini nchi inayouza kahawa mbichi na majani ya chai hubaki nyuma, na nchi inayouza trekta na mashine huzidi kwenda mbele? Je, watu wa huko wanafanya kazi kwa bidii kuliko sisi? Leo tumeona vema kulijibu swali hilo kwa kueleza maisha ya mtu mmoja aliyelifikiri kwa miaka mingi. Mtu huyo hakuwa Mwafrika, wala hakuwa mtu wa vyama vya wafanya kazi. Alikuwa Mrumania, jina lake Mihail Manoilescu. Alikuwa mhandisi, profesa wa uchumi, waziri na gavana wa benki ya taifa, na mwisho alikuwa mfungwa. Alizaliwa mwaka 1891, akafa gerezani mwaka 1950.

Tuwaambieni tangu sasa sababu ya kumchagua. Bwana huyu alipiga hesabu juu ya nchi maskini, na hesabu ile ilikuwa na kweli kubwa ndani yake. Kisha akatoa shauri juu ya vyama vya wafanya kazi, na shauri lile lilikuwa baya kabisa. Hesabu na shauri vilisafiri pamoja kwenda nchi nyingi, kama mchele na chuya katika gunia moja. Mfanya kazi anayeipenda hesabu anaweza kulimeza na shauri asijue. Basi kazi yetu leo ni kupepeta.

RUMANIA ILIKUWA NCHI YA NAMNA GANI

Rumania iko mashariki ya Ulaya, pale mto Danube unapoingia katika Bahari Nyeusi. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi hiyo ilipanuka sana. Watu walipohesabiwa mwaka 1930, walionekana kuwa milioni 18, na katika kila watu 10, karibu 8 walikaa mashambani. Walilima ngano na mahindi. Ngano nyingi iliuzwa nje, na mahindi yalikuwa chakula cha maskini. Waliyasonga ugali kama sisi, nao waliuita mămăligă.

Mwaka 1921 Serikali yao ilikata mashamba makubwa ya mabwana na kuwagawia wakulima. Hilo lilikuwa jambo la maana, lakini kipande kidogo cha ardhi, bila plau nzuri na bila mbolea, hakikumtoa mtu katika shida. Nchi iliuza nafaka, mbao na mafuta ya petroli. Ilinunua mashine, vyombo vya chuma na vitu vingine vya viwandani kutoka nchi za magharibi. Kisha mwaka 1929 biashara ya dunia ikaanguka, na bei ya nafaka ikashuka zaidi ya nusu. Mkulima aliuza magunia mengi zaidi ili anunue kitu kilekile alichonunua jana kwa magunia machache. Bei ya vitu vya viwandani haikushuka namna hiyo. Watu wa uchumi walisema kuwa bei hizo mbili zimeachana kama makali ya mkasi, na aliyekatwa ni yule aliye katikati, yaani mkulima.

KUPANDA KWAKE

Bwana Manoilescu alizaliwa katika mji mdogo wa Tecuci. Mwaka 1915 alihitimu uhandisi katika Chuo cha Madaraja na Barabara mjini Bucharest. Kwa hiyo hakuanza na vitabu vya uchumi. Alianza na chuma na hesabu za vipimo, na tabia hiyo ya mhandisi ilibaki naye. Alipotazama nchi, aliuliza kama fundi anavyouliza mbele ya mashine: nguvu inayoingia ni kiasi gani, na kazi inayotoka ni kiasi gani?

Mwaka 1926 aliingizwa katika Serikali ya Jemadari Averescu, akawa naibu katika Wizara ya Fedha. Huko alishughulika na sheria ya ushuru wa forodha ya mwaka 1927, iliyopandisha ushuru wa bidhaa za nje ili viwanda vya nchini vipate nafasi.

Mwaka huohuo aliingia katika hatari. Mwana wa mfalme, jina lake Carol, alikuwa ameacha haki ya kiti mwaka 1925 na kukaa ng'ambo. Bwana Manoilescu alikamatwa akiwa na barua za Carol, akashtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi. Mahakama ikamwachilia. Carol aliporudi mwaka 1930 na kuwa mfalme, hakumsahau. Bwana Manoilescu akapewa wizara, na mwaka 1931 akafanywa Gavana wa Benki ya Taifa.

Hapo tumpe haki yake, maana mtu husifiwa kwa jema alilolitenda. Benki moja kubwa ya Bucharest, iliyoitwa Marmorosch-Blank, ilikuwa inaanguka. Bwana Aristide Blank, aliyekuwa mkubwa wa benki hiyo, alikuwa mtu wa karibu wa mfalme. Walitaka Benki ya Taifa itoe fedha za umma kuiokoa. Bwana Manoilescu alikataa. Kabla mwaka haujaisha, alikuwa ameondolewa kazini. Mlango aliofunguliwa na mfalme mmoja ulifungwa na mfalme yuleyule. Hakuwa na watu nyuma yake wa kuuliza, "Kwa nini mmemfukuza?" Mtu aliyewekwa na mkubwa mmoja huondolewa na mkubwa huyohuyo, hata siku anapofanya haki.

HESABU YAKE

Mwaka 1929 alikuwa amechapisha kitabu mjini Paris kwa lugha ya Kifaransa, juu ya ushuru wa kulinda viwanda na biashara baina ya mataifa. Kitabu hicho ndicho kilichomletea sifa duniani. Tutaeleza maana yake kwa maneno ya kawaida.

Tutoe mfano wetu wenyewe, na hesabu zake ni za mfano tu. Mkulima analima, anapalilia na kuvuna, na gunia moja la mahindi linamgharimu siku 10 za kazi. Katika nchi nyingine, mfanya kazi wa kiwanda anasimama mbele ya mashine, na kwa siku 1 anatoa plau moja. Sokoni gunia lile linabadilishwa kwa plau ile. Wote wawili wanaondoka wakisema biashara imekuwa sawa, maana bei ya gunia ni sawa na bei ya plau. Lakini tazama kwa macho ya jasho: siku 10 zimebadilishwa kwa siku 1.

Wataalamu wa Uingereza walikuwa wamefundisha kwa zaidi ya miaka 100 kwamba kila nchi ifanye ile kazi inayoiweza vizuri, kisha zibadilishane, na zote zitafaidika. Mwenye ngano auze ngano, mwenye mashine auze mashine. Bwana Manoilescu alijibu kuwa fundisho hilo ni tamu kwa mwenye mashine. Mfanya kazi wa kiwanda hutoa mali nyingi kwa siku, si kwa sababu ana bidii kuliko mkulima, bali kwa sababu nyuma yake kuna mashine, umeme na fedha nyingi. Nchi inayobaki na jembe tu itaendelea kutoa siku nyingi ili ipate siku chache, mwaka hata mwaka.

Basi akashauri hivi: nchi ya kilimo iwatoe watu wake katika kazi inayozaa kidogo na kuwatia katika kazi inayozaa zaidi. Ikiwa bidhaa za kiwanda cha nyumbani ni ghali kuliko za nje, hiyo si sababu ya kukifunga. Muuliza swali moja tu: je, mtu mmoja katika kiwanda hicho analetea taifa mali nyingi kuliko mtu wa kawaida katika kazi nyingine za nchi? Kama jibu ni ndiyo, kilindwe kwa ushuru.

Wataalamu wakubwa walimpinga. Bwana Bertil Ohlin wa Sweden aliandika mwaka 1931, na Bwana Jacob Viner wa Marekani mwaka 1932. Waliona kwamba kazi ya kiwandani kuleta fedha nyingi kuliko ya shambani si sababu ya kutosha ya kuweka ushuru. Lakini huko Brazil, nchi ya kahawa, wenye viwanda wa São Paulo walikipenda kitabu hicho, wakakitoa kwa Kireno mwaka 1931. Baadaye, karibu na mwaka 1950, Bwana Raúl Prebisch wa Argentina na Bwana Hans Singer, wakifanya kazi katika Umoja wa Mataifa, walipita njia yao wenyewe wakafika mahali pa karibu na hapo. Walisema kuwa bei za mazao ghafi huelekea kushuka zikilinganishwa na bei za vitu vya viwandani. Bwana Singer huyo alikuja mpaka kwetu. Mwaka 1972, pamoja na Bwana Richard Jolly, aliongoza ujumbe wa Shirika la Kazi la Ulimwengu uliochunguza habari za kazi na mapato katika Kenya.

Basi, ndugu, swali tulilotaja mwanzo limepata sehemu ya jibu. Mchuma chai wa Kericho si mvivu. Tofauti iko katika kitu kilicho mkononi mwake na katika hatua za kazi zinazofanyika baada ya chai kuondoka bandarini. Kahawa yetu nyingi bado inasafiri ikiwa mbichi, na kukaangwa na kutiwa katika mikebe hufanyika kwingine. Kwa upande huu, hesabu ya Bwana Manoilescu inatufaa.

MAHALI HESABU ILIPOPUNGUKA

Lakini mtu wa chama cha wafanya kazi akiona hesabu lazima aulize maswali mawili. La kwanza ni hili: nani analipa? Ushuru wa forodha haulipwi na mgeni. Anayelipa ni mnunuzi. Mkulima wa Rumania aliyehitaji plau na misumari ndiye aliyelipa bei kubwa ili kiwanda cha mjini kisimame. Wenye viwanda walipopata ulinzi, wengi waliungana na kupatana bei, na yule mkulima hakuwa na duka jingine la kukimbilia. Ndiyo sababu mtaalamu mwingine wa Rumania, Bwana Virgil Madgearu wa Chama cha Wakulima, alibishana naye. Alipokuwa waziri mwaka 1929 alipunguza ushuru, hasa wa vyombo vya kilimo. Alitaka mkulima asaidiwe kwanza kwa mikopo na vyama vya ushirika.

Swali la pili: nani anakula? Mfanya kazi akitoa mali mara 4 ya mkulima, haimaanishi kuwa analipwa mara 4. Mali imetoka katika mikono yake, lakini kugawanywa kwake ni jambo jingine. Hakuna mashine inayogawanya mshahara. Mshahara hugawanywa mezani, baina ya tajiri na watu wake, na kama watu hawana chama, tajiri hukaa mezani peke yake. Mwaka 1929 wachimba makaa wa Lupeni huko Rumania waligoma, na zaidi ya watu 20 waliuawa kwa risasi. Mwezi wa Februari 1933 wafanya kazi wa karakana za reli za Grivița mjini Bucharest walipunguziwa mishahara, wakakaa ndani ya karakana wasitoke, nao pia wakapigwa risasi. Bwana Manoilescu hakuwa katika Serikali wakati wa mambo hayo, wala hatumshtaki kwa damu hiyo. Tunasema tu kwamba karakana, makaa na mashine vilikuwapo, na mfanya kazi alikuwa bado na njaa.

SHAURI BAYA

Sasa tunafika kwenye chuya. Mwaka 1934 Bwana Manoilescu alichapisha kitabu kingine mjini Paris. Alisema karne hii ya 20 ni karne ya koporatizimu, na mwaka 1933 alikuwa ameanzisha jumuiya ya siasa kwa ajili ya mpango huo. Katika mpango huo kila kazi inakuwa na jumuiya yake moja inayotambuliwa na dola: wenye viwanda na wafanya kazi wao, wakulima, waalimu, jeshi, makasisi. Jumuiya hizo ndizo zinazopeleka watu katika Bunge. Vyama vya siasa vinaondoka. Tajiri na mfanya kazi wanawekwa chini ya paa moja, na kugoma kunaonekana kuwa ni kuisaliti nchi.

Alifikaje huko? Alisema kuwa unyonyaji mkubwa ni ule wa taifa juu ya taifa, na kwamba ugomvi wa matajiri na wafanya kazi ndani ya nchi moja ni mdogo kando yake. Na kwa kuwa taifa zima linaonewa, basi watu wote wa taifa wawe kitu kimoja. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mguu ulipoteleza. Ni kweli kuwa jirani anaweza kuidhulumu nyumba nzima. Lakini hiyo haithibitishi kuwa ndani ya nyumba hiyo kila mtoto anapata chakula chake. Dhuluma ya nje haifuti dhuluma ya ndani. Mara nyingi huwa pazia lake.

Tuutazame mpango huo ulipowekwa. Katika Italia ya Mussolini, sheria ya mwaka 1926 ilikataza migomo, ikatambua vyama vya Wafashisti tu. Katika Ureno ya Salazar, sheria ya kazi ya mwaka 1933 ilifanya vivyo hivyo. Na Rumania yenyewe, Mfalme Carol alipojifanya mtawala wa peke yake, vyama huru vya wafanya kazi vilivunjwa mwezi wa Oktoba 1938, na badala yake zikawekwa jumuiya za mafundi zilizosimamiwa na Serikali. Bwana Manoilescu alisema mpango wake ni safi, na kwamba jumuiya zake zitakuwa na nguvu zao zenyewe, si vibaraka vya dola. Lakini chama kisichoweza kugoma, kisichochagua viongozi wake na kisichoweza kukataa, kitapata wapi nguvu hizo?

Mwaka 1936 aliandika kitabu kingine kusifu utawala wa chama kimoja. Mwaka 1937 aliingia katika Seneti kwa orodha ya Wanalegioni, chama kilichohubiri chuki juu ya Wayahudi na kuua wapinzani wake. Ndugu, mtu aliyeanza kwa kutetea jasho la mkulima alifika hapo kwa miaka 8 tu.

KUANGUKA KWAKE

Mwaka 1940, Ulaya ikiwa katika vita, Bwana Manoilescu alifanywa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Alishika kazi hiyo kwa wiki 10 tu, tangu Julai mpaka Septemba. Serikali aliyokuwamo ilijitegemeza kwa Ujerumani ya Hitler. Mwezi wa Agosti ilitoa sheria ya kuwatenga Wayahudi, ikawafungia kazi za Serikali na kuwakataza kuoana na Warumania wengine. Hivyo, umoja wa taifa uliohubiriwa vitabuni ulianza kwa kuwatoa baadhi ya watu katika taifa.

Kisha urafiki na wenye nguvu ukadai malipo yake. Tarehe 30 Agosti 1940 aliitwa katika jumba la Belvedere mjini Vienna. Mawaziri wa Ujerumani na Italia, Ribbentrop na Ciano, walikuwa wamekwisha kata shauri. Ramani ikafunguliwa mezani. Kaskazini ya Transylvania, nchi ya kilometa za mraba 43,000 hivi, yenye watu milioni mbili na nusu, ilitolewa Rumania na kupewa Hungaria. Bwana Manoilescu alipoiona ramani ile alizimia. Hakuitwa kujadiliana. Aliitwa kupokea.

Ndugu, huo ni mfano wa meza isiyo na haki ya kusema hapana. Aliyoyakubali kwa wafanya kazi, kwamba wakae mezani bila silaha yao na kungojea wema wa mkubwa, ndiyo yaliyompata yeye na nchi yake.

Wiki moja baadaye mfalme aliacha kiti. Wanalegioni wakaingia katika Serikali pamoja na Jemadari Antonescu. Tarehe 27 Novemba 1940 walimchukua Bwana Madgearu, yule aliyewatetea wakulima, wakamwua katika msitu wa Snagov. Siku hiyohiyo walimwua Profesa Nicolae Iorga, aliyekuwa Waziri Mkuu zamani. Basi ubishi wa wataalamu wawili juu ya ushuru ukaisha hivyo: mmoja aliuawa na watu ambao mwenzake aliingia Seneti kwa orodha yao.

Vita vilipogeuka mwaka 1944, Bwana Manoilescu alikamatwa, akafungwa zaidi ya mwaka mmoja, akaachiliwa. Mwezi wa Desemba 1948 utawala wa Wakomunisti ulimkamata tena. Mwishowe alipelekwa gereza la Sighet, kaskazini kabisa ya nchi, walikofungwa mawaziri na wasomi wengi wa zamani. Alikufa humo tarehe 30 Desemba 1950. Hatufurahii kifo cha namna hiyo. Mtu mwenye makosa ahukumiwe mbele ya watu kwa sheria. Kumwacha afe kwa ugonjwa na baridi nyuma ya ukuta si haki ya mfanya kazi wala ya mtu yeyote.

BENDERA ILIBADILIKA, MDOMO ULIBAKI UMEFUNGWA

Jambo la kustaajabisha ni kwamba waliomfunga walishika nusu ya hesabu yake. Rumania ya Wakomunisti ilijenga viwanda vingi vya chuma na mashine. Mwaka 1964 ulipotolewa mpango uliotaka sehemu kubwa ya Rumania ibaki nchi ya kilimo ili ihudumie viwanda vya nchi nyingine za mashariki, viongozi wake waliukataa waziwazi. Bwana Manoilescu angalikuwa hai, angalipiga makofi.

Lakini walishika na shauri lake baya pia, kwa jina jingine. Vyama vya wafanya kazi vikawa vya dola. Mwezi wa Agosti 1977 wachimba makaa wa Bonde la Jiu, wapatao 35,000, waligoma kwa sababu ya sheria mpya ya pensheni iliyowaongezea miaka ya kazi chini ya ardhi. Rais Ceaușescu alikwenda mwenyewe, akatoa ahadi, na wachimbaji wakarudi kazini. Baadaye viongozi wa mgomo wakaandamwa na watu wengi wakahamishwa. Mwaka 1979 watu wachache walijaribu kuanzisha chama huru cha wafanya kazi, na viongozi wake wakakamatwa. Mfashisti alisema, "Usigome, sote ni taifa moja." Mkomunisti wa dola alisema, "Usigome, kiwanda ni chako." Anayesikiliza ni mfanya kazi yuleyule.

MAMBO YANAYOTUHUSU

Hatukuja kusema Kenya ni Rumania. Kila nchi ina njia yake. Lakini maneno ya namna hiyo yamepita hapa pia, na ni vizuri kuyakumbuka kwa miaka yake.

Mwaka 1964 vyama vyetu viliingia katika mapatano na Serikali na waajiri. Waajiri wa kampuni waliahidi kuongeza watu kazini kwa asilimia 10, na Serikali kwa asilimia 15. Vyama viliahidi kutogoma na kutodai nyongeza kwa muda wa mwaka mmoja. Wako waliosifu na wako waliolaumu, lakini angalia umbo lake: mapatano yalikuwa na pande zinazojulikana, ahadi za pande zote, na siku ya mwisho. Mwaka 1965 mashirikisho yaliyokuwapo yalivunjwa na COTU ikaundwa, na kwa utaratibu wa wakati huo Rais wa nchi ndiye aliyeteua Katibu Mkuu kutoka katika majina matatu aliyopelekewa. Pima mambo hayo mawili kwa kipimo cha leo. Kutoa silaha kwa muda, kwa bei iliyoandikwa, ni biashara. Kumpa mwingine kalamu ya kuandika jina la kiongozi wako ni jambo jingine.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, imeandika haki ya kila mfanya kazi kuunda chama, kujiunga nacho na kugoma. Na mwaka 1948 Shirika la Kazi la Ulimwengu lilipitisha Mkataba namba 87 juu ya uhuru wa kuungana, baada ya dunia kuona vyama vilifanywa nini huko Italia na Ujerumani. Maneno hayo hayakuanguka kutoka mbinguni. Yalilipiwa na watu kama wale wa Grivița.

Basi akija mtu, awe waziri au mwekezaji, akatuambia kuwa nchi inahitaji viwanda, tumwambie, "Ndiyo, tunavitaka kuliko wewe." Akisema kahawa ikaangwe hapa na chai itiwe katika mikebe hapa, tumwunge mkono. Lakini akiongeza kuwa kwa ajili ya viwanda hivyo vyama vinyamaze, tumwulize maswali matatu. Kwa muda gani? Kwa malipo gani yaliyoandikwa? Na nani mwingine ananyamaza pamoja nasi: mwenye bei atanyamaza asipandishe bei, na mwenye faida atafungua daftari lake? Akishindwa kujibu, tunajua kuwa ametuletea gunia lenye chuya.

Bwana Manoilescu alijua kupima nguvu ya mashine. Hakupima nguvu ya watu wanaoweza kusema hapana. Alipoihitaji nguvu hiyo, mwaka 1931 mbele ya mfalme na mwaka 1940 mbele ya ramani, aliikosa, maana yeye mwenyewe alikuwa hajaamini kuwa ina thamani.

Matawi yakikutana mwezi huu, tunaomba yajadili maswali haya, na makatibu watuletee majibu kwa maandishi:

1. Katika kazi yenu, ni hatua gani ya kazi inayofanyika nchi za nje, na ingeweza kufanyika hapa?

2. Mashine mpya zilipoletwa kazini kwenu, mali ilizidi kwa kiasi gani, na mshahara ulizidi kwa kiasi gani?

3. Viongozi wa tawi lenu walichaguliwa lini kwa kura, na uchaguzi ujao ni lini?

Swali la tatu tumeliweka mwisho makusudi. Msilijibu kwa haraka.